Wati Mia, Zikatoka Mbili

Naandika nikiwa na hasira, na asije mtu akaniambia nitulie kwanza. Nimetulia miaka kumi na minane nikiwa katibu wa chama chetu, nikiandika kumbukumbu za vikao kwa mwandiko safi, na huko kutulia ndiko kulikotufikisha hapa. Leo naandika habari za dada yangu. Katika madaftari yote saba ya kumbukumbu ametajwa mara mbili tu: siku alipojiunga na siku alipochelewa.

Dada yangu anasuka mota. Chumba chake cha kazi ni cha tatu kwenye mstari wa vyumba vya mabati nyuma ya maduka ya vyuma, na huwezi kukipita bila kujua, maana harufu ya vanishi inakupokea kabla hujafika. Mota za pampu, za feni, za mashine za kusaga, zote huletwa kwake zimeungua, nyeusi tii. Anakata shaba ya zamani, anaing'oa, anahesabu mizunguko iliyokuwemo, kisha anasuka mipya kwa mkono huku midomo ikichezacheza. Ole wako umsemeshe akiwa kwenye mia mbili na kitu. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki watu walidhani atafunga mlango. Hakufunga. Ni miaka ishirini na miwili sasa, na bado wapo wateja wanaosimama mbele yake na mota mkononi, wakamwuliza fundi yuko wapi. Huwajibu, "Fundi ndiye huyu anayekuuliza umeiunguzaje."

Mimi ni karani wa ofisi ya ardhi, na starehe yangu ni redio ya ridhaa. Sisi ni watu wenye leseni ya kuzungumza hewani na watu wa mbali kwa kupenda tu, si kwa biashara. Siku moja koili ya mtambo wangu iliungua, nikampelekea dada. Akaishika kwa vidole viwili kama aliyeokota panya.

"Nani kasuka takataka hii?"

Nilikuwa nimesuka mimi. Nikamweleza kazi yake, nikamweleza vibaya, akaniuliza maswali sita ambayo sikuwa na majibu yake. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe chamani kuuliza. Mtihani wa leseni alifanya mara moja akafaulu. Mimi nilifanya mara tatu. Sikumpongeza kwa moyo mweupe, nakiri.

Tangu hapo nyumba yake ikawa ya redio. Binti yake, mpwa wangu, alijifunza alfabeti ya nukta na mistari kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama akigonga meza, mtoto anajibu kwa mluzi toka uani: nakuja, bado kidogo, simo. Majirani walidhani ni utovu wa adabu. Mtoto akakua, akasomea uuguzi, akapangiwa kazi kwenye gari la zahanati.

Hilo gari ndilo jambo lenyewe. Linakwenda milimani majuma mawili kwa mwezi, vijiji ambako simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Mganga mkuu alituomba tuwasaidie mawasiliano. Kila siku saa nne asubuhi gari lingetuita, sisi tungesikiliza, na likihitaji msaada tungepiga simu hospitali iliyo chini ya mlima, ambayo ina gari la wagonjwa. Kazi ya kusikiliza tu na kupiga simu. Tulipiga makofi siku hiyo. Tulijiona watu wa maana.

Sasa nieleze kidogo, ili mtu asiyejua redio anielewe na yeye akasirike sawasawa. Kwa masafa tunayotumia, antena nzuri ya kusimama inataka urefu wa mita kumi hivi. Huwezi kuendesha gari lenye mlingoti wa mita kumi. Kwa hiyo unaweka fimbo ya mita mbili au mbili na nusu, na ule upungufu unaufidia kwa koili, yaani waya uliosukwa mizunguko, katikati ya fimbo. Redio inadanganyika inadhani antena ni ndefu. Ila kurusha sauti hewani ni kazi ya fimbo, na fimbo imebaki fupi. Koili yenyewe, ikisukwa kwa waya mwembamba kwenye bomba jembamba, hula nguvu na kuigeuza joto. Na mwili wa gari, kama vipande vyake havijaungana vizuri, nao hula. Redio inatoa wati mia. Swali la maana ni moja tu: ngapi zinaondoka?

Mwenyekiti wetu hakuwa na swali hilo. Yeye ni mstaafu wa mitambo ya simu, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni, na ana mita yake ndani ya sanduku lenye kitambaa cha mahameli. Mita hiyo huonyesha kama antena imekubaliana na redio. Ikisoma moja, basi nguvu yote imeingia kwenye antena na hakuna inayorudi. Imeingia, basi. Kama imetoka hewani au imeishia kupasha bomba joto, mita haijui. Mwenyekiti naye hakutaka kujua.

Alinunua antena ya dukani. Nyeupe, nyembamba, inang'aa, koili yake imefichwa ndani ya plastiki kama kalamu. Aliifunga kwenye gari Jumamosi, katika uwanja wa chuo cha ufundi tunakofanyia vikao, akachomeka mita yake. Ikasoma moja nukta moja. Watu kumi na mbili wazima, na mimi nikiwemo, tukaguna kwa furaha kama tumeona mtoto akitembea.

Dada alikuwa amekuja na ya kwake. Jamani, ilikuwa mbaya! Koili pana kama sufuria ya watu wanne, waya mnene wa shaba usiovikwa kitu, mizunguko imeachana, imeshikiliwa na vijiti vya plastiki alivyokata kwenye ubao wa jikoni. Juu yake fimbo, na juu ya fimbo vijiti vinne vimetawanyika. Mmoja wetu aliuliza kama inakaanga samaki. Nilicheka. Niliona haya kwa ajili yake, nikacheka ili wajue mimi siko naye.

Yeye aliiweka kwenye gari mahali pa ile nyeupe. Alilala chini ya gari na gauni lake, akaanza kufunga nyaya za shaba za kusukwa: mlango na fremu, boneti na fremu, bomba la moshi na fremu, bodi ya nyuma na fremu. Kila akifunga moja, mwenyekiti alisoma mita. Mwanzo antena ya dada ilisoma moja nukta sita. Baada ya milango ikawa mbili. Baada ya bomba la moshi, mbili nukta nne. Alipomaliza ilikuwa mbili nukta nane.

"Mnaona?" Mwenyekiti aligeuka kwetu akitabasamu. "Kadiri anavyotengeneza, ndivyo inavyoharibika."

Watu waliangua kicheko. Dada alitoka chini ya gari, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Haiharibiki, mzee," alisema. "Inapona. Redio inataka kuona ukinzani wa omu hamsini. Antena fupi ya gari, ikiwa nzima, haifiki hata ishirini. Ukiona inakupa hamsini yenyewe bila kazi, hizo zinazozidi zote ni upotevu. Ni moto huo unaupima. Nimepunguza upotevu, ndiyo maana omu zimeshuka na mita yako imenuna."

"Kwa hiyo mita mbaya ndiyo antena nzuri?"

"Kwa hii, leo, ndiyo. Nitaweka kikoili kidogo pale chini, kati ya antena na mwili wa gari, na mita yako itasoma moja ufurahi. Nipe mpaka kesho mchana."

"Kesho Jumapili. Geti linafungwa."

"Basi tupime sasa hivi nguvu inayotoka, tuache hiyo inayoingia." Alitoa mfukoni kisanduku alichokitengeneza mwenyewe: kipande cha waya, dayodi moja, na sindano ya mita aliyoing'oa kwenye chaja mbovu. "Twende kule mwisho wa uwanja. Nirushe na yako, nirushe na yangu, tusome. Dakika kumi."

Ningependa kuandika kwamba mwenyekiti alitoa hoja. Hakutoa. Aliangalia mwisho wa uwanja, jua lilikuwa kali, akaangalia meza ambako chai ilishamiminwa. Akasema kifaa cha kutengeneza nyumbani si kifaa cha kupimia. Tukaenda kunywa chai. Watu tuliokubali kubeba maisha ya wagonjwa tulishindwa kutembea hatua mia moja na hamsini kwa sababu chai ingepoa.

Tulipiga kura tukiwa na vikombe mikononi. Kumi na mbili kwa moja. Mkono wangu ulikuwa juu. Halafu mwenyekiti akarudisha antena yake kwenye gari, akapima, na kwa sababu ya zile nyaya za dada ikasoma moja nukta sita badala ya moja nukta moja. Akakunja uso.

"Katibu, hebu zifungue hizo nyaya. Zinaniharibia."

Nilichukua spana nikazifungua. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja. Nilizifungua zote nane nikazirudisha kwenye mfuko wake, na yeye amesimama pale ananitazama. Ningekuwa yeye ningenipiga na hiyo spana. Kwenye daftari nikaandika: *Kikao kimeridhia antena ya kiwandani kwa kuwa vipimo vyake ni bora.* Mwandiko ulikuwa mzuri.

Gari liliondoka Jumatatu. Siku mbili za kwanza, likiwa karibu, mpwa wangu alisikika vizuri, na mwenyekiti alizunguka chumba cha redio kama bwana harusi. Siku ya tatu sauti ilianza kuzama. Siku ya tano tulisikia neno moja katika manne. Siku ya saba hatukusikia kitu ila mvumo.

"Hali ya anga," alisema mwenyekiti. Kila siku hali ya anga. Ukimsikiliza ungedhani anga lina kinyongo na chama chetu. Siku hizohizo tulikuwa tunawasikia watu wa nchi za mbali kabisa, wenye wati mia kama za gari, wanazungumza habari za bustani zao.

Dada hakuwa amekubali kukaa tu. Alikuwa na redio ndogo kwenye chumba chake cha kazi na waya mrefu alioufunga toka paa lake hadi nguzo ya jirani. Kila siku saa nne alizima swichi kuu, akavaa visikilizio, akainama. Taabu yake ilikuwa wachomeleaji wa chumba cha pili. Wakichomelea geti, redio yake ilijaa makelele. Aliwaomba wasimame dakika kumi. Walimwambia redio aisikilize nyumbani.

Sasa nafika siku ya tisa.

Asubuhi hiyo gari lilikuwa upande wa pili wa mto, kilomita mia mbili kutoka kwetu. Maji yalikuwa yamebomoa daraja la magari, limebaki la miguu. Ndani ya gari alikuwamo mama aliyejifungua alfajiri, na damu haikukata. Mpwa wangu alifanya yote anayoweza kufanya muuguzi mwenye sanduku moja la dawa. Alijua akipata gari la wagonjwa ng'ambo ya mto, atamvusha yule mama kwa machela kwenye daraja la miguu, na hospitali ni nusu saa tu kutoka hapo. Alichohitaji ni mtu mmoja duniani amsikie na kupiga simu moja.

Saa nne kamili alituita. Tulikuwa watu wanne chumbani. Tulisikia mvumo. Tukaita sisi, tukasikiliza, mvumo. Tuliita mara tatu. Saa nne na robo mwenyekiti alitangaza kwamba tunafunga mpaka kesho, akazima. Nikaandika: *Gari la zahanati: kimya.*

Mpwa wangu hakuwa kimya. Alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Alipoona maneno hayapiti, kwenye saa tano hivi, alikumbuka mama yake yuko wapi na anafanya nini, akaacha maneno. Akaweka kipaza sauti mdomoni akaanza kupiga mluzi. Nukta na mistari. Mluzi mmoja mwembamba hupenya pale ambapo sauti ya mtu haipenyi, kila mwanaredio anajua hilo. Alipiga mluzi, akaenda kumtazama mgonjwa, akarudi, akapiga mluzi, mkono mmoja una damu.

Dada hakuwa amevua visikilizio tangu saa nne, ila wachomeleaji walikuwa kazini. Walisimama saa sita kasoro dakika kumi kwenda kula, na hapo dada akasikia. Ananiambia hakuhitaji hata kuandika herufi ya kwanza, aliujua mluzi ule. DARAJA. GARI LIJE. DAMU. DARAJA. GARI LIJE. DAMU. Saa sita kamili alikuwa anazungumza na hospitali. Gari lilifika mtoni saa sita na dakika arobaini.

Yule mama alikuwa amekufa saa sita na robo.

Mtoto wake yuko hai, ni wa kike. Nalisema kwa sababu kila ninayemsimulia hukimbilia kuniuliza la mtoto, apate pa kupumzikia. Sitaki apumzike. Tungesikia saa nne, gari lingekuwa mtoni kabla ya saa tano.

Gari liliporudi, dada alilisubiri kwenye geti la chuo. Safari hii hakuomba kikao. Alimwambia dereva aliingize uwanjani, naye dereva, aliyebeba machela ile kwa mikono yake, aliingiza. Wanachama wote walikuwepo, wamesimama pembeni kama watu waliokuja kutambua maiti. Dada akanipa kile kisanduku chenye sindano.

"Nenda kule mwisho. Usome kwa sauti. Wewe ndiye mwenye sauti ya kusoma."

Nilikwenda. Jua lilikuwa kali vilevile. Akarusha kwa antena nyeupe, ikiwa imefungwa kama ilivyosafiri. Sindano ilifika tisa. Nikasoma tisa. Kisha akamwita mwenyekiti, akamwomba aishike ile plastiki ya koili. Mwenyekiti aliigusa akarudisha mkono mbio. Imemwunguza.

"Hizo ndizo wati zako," dada alipaza sauti, nami kule mwisho nikasikia. "Umezishika mwenyewe."

Kisha alifunga nyaya zake zote nane, akafunga lile sufuria lake, na kile kikoili kidogo pale chini. Mita ya mahameli ikasoma moja nukta mbili, mwenyekiti hakuiangalia. Sindano yangu ilifika ishirini na tatu. Nilisoma ishirini na tatu kwa nguvu nilizokuwa nazo. Fanya hesabu mwenyewe, nguvu inakwenda kwa mraba wa namba hizo: mara sita na nusu. Dada alikadiria wati zinazotoka. Za kwake kama kumi na tatu. Za antena nyeupe, mbili. Wati mbili kati ya mia. Tisini na nane tulimpelekea yule mama kama moto wa kupasha plastiki.

Na mwenyekiti, Mungu anisamehe kwa ninayomfikiria, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Lakini hata yako inapoteza themanini na saba."

"Ndiyo," dada alimjibu. "Fupi ni fupi. Sikusema ni ndefu. Nilisema tupime."

Nilirudi kutoka mwisho wa uwanja nikakuta ananisubiri na daftari. Mwenyekiti, si dada. Alitaka niandike kwamba uchunguzi umefanyika na imeonekana hali ya anga ilichangia. Alitamka polepole ili niandike vizuri, kama alivyozoea. Nilimtupia daftari kifuani. Kalamu zake zikamwagika. Nilimwambia maneno ambayo mama yetu angeniosha kinywa kwa sabuni, na sijutii hata moja. Yanayonitafuna ni mengine.

Jioni hiyohiyo nilikwenda nyumbani kwa dada. Yeye alikuwa jikoni, hakutoka. Mpwa wangu alikuwa uani anafua sare yake ya kazi kwenye beseni, maji yamebadilika rangi. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nikamwambia pole. Nikamwambia hatukusikia kabisa, laiti tungesikia hata neno moja.

"Najua, mjomba," alisema bila kuinua kichwa. "Antena yangu ilikuwa inapoteza sauti yangu. Antena yenu haikupoteza kitu, nyinyi mna waya mrefu. Mlikuwa mnasikika kama mmekaa kiti cha nyuma."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka kumi na minane ya redio, na sikuwa nimelifikiria. Na kuna kitu sikukiandika hapo juu nilipoeleza ya siku ya tisa. Sikukiandika kwenye daftari wala kwenye karatasi hizi, nilitumaini nitafika mwisho bila kukitaja. Kabla ya kufunga, mwenyekiti alinipa kipaza sauti nimwite mpwa wangu kwa mara ya mwisho. Nami nikasema hewani, "Bibi muuguzi, tunajua umejilaza kivulini. Lala salama, tutakuja kwako kesho." Wenzangu walicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, na kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Ulisikia?" nilimwuliza.

"Nilikuwa nimefungulia sauti mpaka mwisho, ili nisikose jibu." Alikamua gauni, akalikunjua, akalitazama, akalirudisha majini. "Yule mama naye alisikia. Hakuwa anaelewa vizuri tena. Akaniuliza, hao wanaocheka wanasemaje, wanakuja?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo, wanakuja."